Bati, Hewa na Masomo

Sote twalijua joto la saa nane mchana chini ya bati. Mwalimu afundisha, nasi twasinzia, kisha twaitwa wavivu. Bati haliulizwi neno!

Yuko mtu aliyeliuliza. Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso. Kijijini hapakuwa na shule, hata akapelekwa mji mwingine kusoma, katika darasa lenye giza na joto. Alipokuwa mwanafunzi wa ujenzi Berlin alichanga fedha, akachora shule ya Gando, na wanakijiji wakaijenga kwa mikono yao. Ilimalizika mwaka 2001.

Tazameni jinsi ilivyo. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari nayo ni ya matofali, yaliyopangwa kwa kuachiwa nafasi. Bati halikulazwa juu ya dari hiyo. Limeinuliwa juu sana kwa nondo zilizochomelewa, na upepo hupita katikati. Hewa ya moto, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda na kutokea darini, na iliyo baridi huingia madirishani. Bati lenyewe ni lile la kawaida, ila limetokeza mbali nje ya kuta ili kuzikinga na jua na mvua.

Nasikia mabati ya Kidato cha Pili yatabadilishwa likizo ijayo. Wazazi wetu na walimu, nawaomba: kabla fundi hajapigilia msumari wa kwanza, aulizwe ataacha nafasi kiasi gani chini yake.