SOMO LA UCHUMI: KUANZISHA SALUNI NDOGO KWA MTAJI MDOGO



Katika vyama vyetu vya Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli wapo akina mama na vijana wanaopenda kufungua saluni za nywele. Kazi hiyo ni njema, kwani mapato yake hayangoji mavuno. Hata hivyo, wengi huanza kwa kukopa fedha za kununua mashine ya kukaushia nywele kabla hawajapata wateja. Mkopo ukishindwa kulipwa, mzigo huwaangukia wadhamini, ambao ni majirani na wanachama wenzao. Somo hili linaonyesha njia ya kuanza na ufundi wa mikono, na kuiacha mashine inunuliwe na kazi yenyewe.

1. Vifaa vya kuanzia

Kusuka hakuhitaji umeme. Msusi anahitaji vitana, sindano, mkasi, kioo, viti, beseni na taulo safi. Aidha, hapa milimani baridi ya Juni hadi Agosti ni kali, na mteja aliyeoshwa kichwa kwa maji baridi hatarudi. Kwa hiyo gharama ya jiko na mkaa iingizwe katika hesabu tangu siku ya kwanza.

2. Mgawanyo wa mtaji

Tuchukue mfano wa msusi mwenye akiba ya shilingi 300,000. Bei hizi ni za mfano tu. Kila msomaji aweke bei za mahali pake.

Vifaa: 90,000
Kodi ya chumba, mwezi mmoja: 30,000
Mafuta, sabuni na dawa za nywele: 60,000
Akiba ya dharura: 120,000

Akiba hiyo isiguswe kwa mahitaji ya nyumbani. Ndiyo itakayolipa kodi wakati mboga zimeshuka bei na wateja wamepungua.

3. Hesabu ya juma

Akihudumia wateja 12 kwa shilingi 5,000 kila mmoja, atapokea shilingi 60,000. Fedha hizo zote si faida. Atoe kwanza kodi 7,500, mafuta na dawa 15,000, maji na mkaa 6,000, na uchakavu wa vifaa 1,500. Jumla ya gharama ni shilingi 30,000. Katika 30,000 zilizobaki, ajilipe ujira wa 20,000, na 10,000 aziweke katika chama chake cha akiba na mikopo. Kwa mwendo huo, baada ya majuma 20 atakuwa na shilingi 200,000 za kununulia mashine bila deni.

4. Daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jioni aandike fedha zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Akichukua fedha za kununulia unga wa nyumbani, aandike kuwa ni sehemu ya ujira wake. Saluni nyingi hazifi kwa kukosa wateja, bali kwa sababu sanduku la biashara na mfuko wa nyumbani vimekuwa kitu kimoja.

5. Wakati wa kukopa

Mkopo ni mzuri pale daftari linapoonyesha kwamba wateja wanageuzwa kwa kukosa kifaa. Vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuomba mikopo isiyo na riba ya halmashauri, itokanayo na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Maelezo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii.

6. Usalama wa mteja

Vitana vioshwe kwa sabuni na maji ya moto baada ya kila mteja. Dawa za kulainisha nywele huunguza ngozi. Zisipakwe kwenye kichwa chenye kidonda, wala zisizidishiwe muda ulioandikwa kwenye kopo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

(a) Katika kijiji chenu, ni miezi ipi wateja huwa wengi, na ipi huwa wachache?
(b) Wateja wakipungua kutoka 12 hadi 7 kwa juma, msusi wa mfano wetu apunguze nini kwanza?
(c) Je, wewe ungekubali kumdhamini mkopaji asiye na daftari? Eleza sababu.