Kodi ya Sus: Fa Inayoisubiri Mi

Kodi ya leo siyo ya TRA. Ni sauti zinazopigwa kwa pamoja kwenye ukulele. Wengi wetu tukishajua C, F na G tunaridhika, na tukikuta Csus4 kwenye karatasi ya wimbo tunairuka. Usiiruke. Kama umewahi kuimba kwaya, kodi hiyo tayari unayo kooni.

Kodi ya C ni do, mi, so. Mi ndiyo inayoleta furaha. Ukiishusha nusu toni, kodi inakuwa ya huzuni. Sus inaitoa mi kabisa na kuweka jirani yake: fa (sus4) au re (sus2). Basi haina furaha wala huzuni, inaning'inia tu. Ni kama abiria wa basi linaloshuka Mlima Sekenke: hakuna aliyeumia, ila hakuna anayepumua vizuri mpaka Shelui.

Sasa shika ukulele. Nyuzi, kuanzia iliyo karibu na kidevu, ni G, C, E, A.

1. C: kidole cha pete, uzi wa A, freti ya 3. Nyingine ziache wazi.
2. Csus4: cha pete kibaki. Ongeza cha shahada, uzi wa E, freti ya 1. Mi imekuwa fa.
3. Inua cha shahada. Fa imerudi mi. Piga mapigo 4 ya sus, 4 ya C.
4. G: cha shahada uzi wa C freti ya 2, cha kati uzi wa A freti ya 2, cha pete uzi wa E freti ya 3.
5. Gsus4: ongeza kidole kidogo, uzi wa A, freti ya 3.

Cha ajabu, mkao huo wa Gsus4 ndio pia Csus2. Sauti ni zilezile: C, D, G. Ukitoka hapo kwenda G, ni Gsus4. Ukienda C, ni Csus2. Kwa hiyo usikariri vidole tu, sikiliza kodi inataka kwenda wapi.

Nikiwa mazoezi ya kufundisha Sekenke, kinanda hakukuwa, ukulele ilikuwa moja, darasa limejaa. Niliwagawa watoto makundi matatu: do, fa, so. Kabla sijatoa ishara yoyote, kundi la fa likashuka lenyewe kwenye mi! Wengi wao ni watoto wa kwaya, wamekua wakiimba do-re-mi. Ningeanza na maelezo ubaoni, wangeonekana hawajui muziki.

Walimu wenzangu watarajiwa, hilo tulibebe. Sikio la mwanafunzi huwa limeshasoma mengi kabla hatujaingia darasani. Tuanzie hapo.

Zoezi la wiki: piga Csus4 huku ukiimba fa, kisha shuka mi na kuinua kidole kwa pamoja. Kidole kikichelewa, koo lako litakuambia.