SOMO: Tarumbeta Kuukuu Tusiliuze kwa Kilo



Bendi ikipita mjini Bungoma au Kitale, hata mama mboga huacha sukuma wiki na kutazama. Lakini stoo zetu zina matarumbeta yaliyobonyea, na mnunuzi wa vyuma chakavu yuko mlangoni na mizani. Kabla ya kuuza, hebu tujifunze kuyatambua.

1. Tuangalie: vifuniko au pistoni?
Bomba tupu la shaba hutoa sauti chache tu. Mwaka 1810 Joseph Haliday wa Dublin alisajili tarumbeta lenye matundu na vifuniko. Ni kama filimbi: ukifungua tundu, bomba linakuwa fupi na sauti inapanda. Huko Paris, fundi Halary alisajili ndugu yake mkubwa, ofikleidi, mwaka 1821. Shida ni kwamba sauti za matunduni hazikulingana na zile za mdomoni.

Stölzel na Blühmel walisajili vali Berlin mwaka 1818, na kutoka hapo zikaja pistoni. Hizi hufanya kinyume: ukibonyeza, bomba linaongezeka urefu, na sauti yote hutokea mdomoni.

Jeshi la Wokovu lilipofika Kenya mwaka 1921, pistoni zilikuwa zimeshashinda. Kwa hiyo tarumbeta la vifuniko ni nadra sana. Saksafoni tusiihesabu, hiyo ina vifuniko mpaka leo. Aliyeibuni, Adolphe Sax, alikuwa pia fundi wa ofikleidi.

2. Tusome jina la fundi.
Boosey na Hawkes waliungana mwaka 1930. Basi tarumbeta lenye majina yote mawili si la kabla ya hapo. Likiwa na alama ya Jeshi la Wokovu, St Albans, lilitoka kiwanda kilichouzwa mwaka 1972.

3. Tulitunze.
Tusisugue jina kwa mchanga wala kugonga pistoni iliyokwama kwa nyundo. Tumpelekee fundi. La vifuniko tulionyeshe kwanza Makumbusho ya Kitale, yaliyoanzia kwenye mkusanyo wa Stoneham. Pesa ya kilo huisha jioni ile ile. Jina la fundi likishayeyushwa, basi.

Maswali ya kikundi:
- Stoo yetu ina ala ngapi, na zina majina gani?
- Ni nani kati yetu atakayeziandika kwenye daftari?
- Ni vijana gani wangejifunza kuzipiga zikitengenezwa?