SOMO: TUKIPE HEWA CHOMBO CHA SAUTI CHA MSIKITI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu mwanafunzi, somo letu la mwaka huu linahusu amplifaya, yaani chombo kinachokuza sauti ya muadhini kabla haijafika kwenye spika. Mara nyingi, iwe Musoma, Bunda au Butiama, chombo hiki hufungiwa kabatini kwa kuogopa wezi na vumbi. Nia ni njema, lakini kabati lisilo na matundu hukiua taratibu.

JOTO LINATOKA WAPI?
Tuseme chombo kinavuta wati 400 na kupeleka wati 240 kwenye spika. Wati 160 zilizobaki hugeuka joto. Ni sawa na kufungia kabatini balbu nne za zamani za wati 40.

KIKOMO CHAKE
Vyombo vingi vya aina hii hutakiwa kufanya kazi katika hewa isiyozidi nyuzi 40 za sentigredi. Zingatia: ni hewa ya ndani ya kabati, si ya nje. Mchana wa nyuzi 29, kabati likiongeza 15 tu, tayari ni 44. Kapasita za ndani hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Vyombo vyenye kinga hujizima vikizidiwa na joto. Ndiyo maana sauti huweza kukatika katikati ya darsa ndefu au tarawehe, kisha ikarudi chombo kikipoa. Kisicho na kinga huweza kuungua kabisa.

TUFANYE NINI?
1. Toboa matundu chini na juu ya kabati. Hewa moto hupanda. Ikitoka juu, ya baridi huingia chini.
2. Usibebanishe vyombo. Acha nafasi juu, nyuma na ubavuni.
3. Matundu yasipotosha, funga feni ndogo juu, nyuma, itoe hewa nje. Kupata kiasi cha hewa, zidisha wati za joto kwa 3, kisha gawanya kwa nyuzi unazokubali ziongezeke: 160 × 3 ÷ 8 = mita za ujazo 60 kwa saa. Kwetu kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Chukua feni ya 70.
4. Ziba matundu kwa wavu laini, kwani wadudu wa ziwani hufuata taa usiku. Usafishe kila wiki, umeme ukiwa umechomolewa.
5. Usiweke kitambaa, vitabu wala mswala juu ya chombo.

Ili kuhakiki, weka kipimajoto kabatini, funga mlango, usome baada ya saa moja ya matumizi.

Ndugu mwanafunzi, chombo hiki kimenunuliwa kwa sadaka za waumini, wakiwemo mama zetu wauza dagaa. Ni amana. Kukiacha kiungue kwa kukosa matundu ni kuipoteza amana hiyo.

MASWALI
1. Kwa nini matundu ya juu peke yake hayatoshi?
2. Chombo kinavuta wati 300 na kutoa 180. Joto ni wati ngapi?
3. Pima joto la kabati la msikiti wenu kwa idhini ya imamu, umweleze ulichokiona.

Wabillahi tawfiq.