Jinsi Mbwa Anavyofunzwa Kumkabidhi Mwindaji Ndege Mkononi: Somo Kuhusu Kujifunza kwa Wanyama

Jioni moja ya majira ya baridi, mwaka 2009, nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Uskoti, nilialikwa kuandamana na wawindaji wa bata mwitu kando ya bwawa. Bata mmoja alijeruhiwa bawa akaanguka majini. Mbwa mweusi aliogelea, akamdaka, akamleta hadi ukingoni. Zilipobaki hatua tatu tu kumfikia bwana wake, mbwa alimweka bata chini ili ajikung'ute maji. Bata, ambaye bado alikuwa hai, alijipenyeza ndani ya matete. Tulimtafuta mpaka giza likaingia, hatukumpata.

Mbwa yule alikuwa na nguvu, pua kali na utii. Kilichokosekana ni hatua tatu za mwisho. Katika makala haya tutaeleza jinsi hatua hizo zinavyofundishwa, na kwa njia hiyo tutajifunza kanuni ambazo hazimhusu mbwa peke yake.

1. Kwa nini mkononi?

Mbwa tunayemzungumzia ni wa jamii zilizozalishwa kwa kazi ya kuokota ndege walioangushwa na kuwaleta kwa mwindaji. Anayejulikana zaidi ni Labrador. Wahenga wake waliletwa Uingereza katika karne ya 19 kutoka kisiwa cha Newfoundland, Kanada, ambako waliwasaidia wavuvi. Chama cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kiliitambua jamii hiyo rasmi mwaka 1903.

Katika mashindano ya kazi ya mbwa hao, ndege hutakiwa kufikishwa mkononi, akiwa hakupondwa. Sababu ni mbili. Kwanza, ndege aliyejeruhiwa akiachiwa chini aweza kutoroka, akafa polepole kwa maumivu. Akikabidhiwa mkononi, mwindaji humwua mara moja. Pili, nyama iliyotafunwa haifai kuliwa. Kwa hiyo mbwa hutakiwa awe na kinywa laini: ashike kwa uthabiti, lakini asibane.

2. Kanuni mbili za msingi

Mwanafiziolojia wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, aligundua kuwa mbwa huanza kudondoka mate kabla hajaonja chakula, mradi kuna ishara ambayo imezoea kutangulia chakula hicho. Ishara ambayo hapo awali haikuwa na maana yoyote kwa mbwa hupata maana kwa kuambatana na kitu chenye maana.

Naye Mmarekani Edward Thorndike, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1898, aliwafungia paka ndani ya visanduku ambavyo vilifunguka endapo paka angevuta kamba au kukanyaga kibao. Muda wa kutoka ulipungua kadiri majaribio yalivyorudiwa. Kutokana na hayo alifikia kanuni hii: kitendo kinachofuatwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa. Baadaye B. F. Skinner aliiendeleza kanuni hiyo. Matokeo yanayoongeza uwezekano wa kitendo kurudiwa tutayaita kiimarishi.

Zingatia kuwa ni mnyama, wala si mwalimu, anayeamua kiimarishi ni kipi. Siku chache baada ya mkasa wa bwawani nilipewa mbwa mchanga nimzoeze. Aliokota kifurushi cha turubai akawa anakuja. Nami kwa hamu nikamkimbilia nikipokee. Akageuka, akatoroka nacho, mimi nyuma yake. Nilidhani ninamkemea, kumbe nilikuwa ninamchezesha. Kila nilipomfukuza, niliimarisha kitendo kile kile nilichotaka kukikomesha.

3. Kuanzia mwisho

Kazi ya mbwa huyu ni mnyororo wa vitendo: kwenda, kutafuta, kuokota, kurudi, kushikilia, kukabidhi. Wafunzi wengi wenye uzoefu huanza na pingili za mwisho. Sababu yake ni ya kisayansi: mbwa akiwa ameshajua vizuri mwisho wa kazi, kila pingili inayoongezwa humpeleka mahali anapopajua na ambapo tuzo ipo.

Hatua ya kwanza ni kushikilia. Mbwa huketishwa, kisha hupewa kitu laini kinywani kwa sekunde moja tu. Mfunzi hukitwaa kabla mbwa hajakiachia, huku akitamka neno moja lisilobadilika, kwa mfano "Toa". Papo hapo humpa tuzo. Muda huongezwa kidogo kidogo: sekunde mbili, tano, kumi. Mazoezi haya yasifanywe wakati mtoto wa mbwa anabadilisha meno, yaani takriban kati ya miezi minne na saba, kwa maana ufizi ukimwuma ataambatanisha maumivu na kushika.

Hatua ya pili ni kutembea huku ameshikilia, kwanza hatua moja, kisha mbili, kisha kumi.

Hatua ya tatu ni kuokota na kuleta. Kifurushi hurushwa karibu, katika njia nyembamba yenye ukuta au ua pande zote mbili, ili njia rahisi ya kurudi iwe ni ile ya kuelekea kwa mfunzi. Mbwa akikiokota, mfunzi asimfuate. Bali ageuke na kuondoka akienda kinyume. Mbwa, ambaye kwa silika hupenda kufuata kinachokimbia, humfuata mfunzi pamoja na mzigo wake.

Hapa mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni wakati. Tuzo ikichelewa hata sekunde chache, mbwa atakuwa ameshafanya kitendo kingine, na hicho ndicho kitakachoimarishwa. La pili ni mahali pa tuzo. Mbwa akiona kipande cha nyama mkononi angali mbali, ataachia ndege ili akimbilie nyama. Tuzo hapana budi ibaki mfukoni hadi ndege awe mkononi.

4. Manyoya, damu na maji

Mbwa anayekabidhi kifurushi cha turubai bila kosa aweza kumtafuna ndege halisi, kwa kuwa kwake hali hiyo ni mpya. Basi tofauti huletwa moja moja: kifurushi kilichofungwa mabawa, ndege aliyekufa na kupoa, na mwisho ndege aliyeangushwa punde.

Na yale maji? Kujikung'uta ni tendo la asili la mwili uliolowa, na kumpiga mbwa hakuwezi kuliondoa. Dawa yake ni kupanga mazingira. Siku za mwanzo mfunzi husimama ukingoni kabisa, miguu ikigusa maji, akampokea ndege kabla mbwa hajapata nafasi ya kujikung'uta. Baada ya mafanikio mengi hurudi nyuma hatua moja, kisha mbili, kisha tatu. Mbwa akikosea, mfunzi husogea tena karibu na maji.

Adhabu katika kazi hii ina hasara ya pekee. Mbwa anayepigwa kwa kuangusha ndege hajui kwamba kosa ni kuangusha. Anachokijua ni kwamba alimkaribia bwana wake akiwa na ndege, akaumia. Kwa kanuni ya Pavlov, ujio wenyewe huwa ishara ya maumivu. Kesho yake atamwangusha ndege mbali zaidi.

5. Mipaka ya kufundisha

Haifai kudhani kuwa mafunzo huweza yote. Mwaka 1961 Keller na Marian Breland, waliokuwa wanafunzi wa Skinner, waliandika juu ya rakuni waliyemfunza kutia sarafu ndani ya kikasha ili apate chakula. Alipopewa sarafu mbili alianza kuzisugua pamoja, kama afanyavyo na chakula chake porini, wala hakuziachia, ingawa kwa kufanya hivyo alikosa tuzo. Silika iliyashinda mafunzo.

Mfunzi wa mbwa hufanikiwa kwa sababu uzalishaji wa kuchagua ulikwisha kumwandalia njia: silika ya kufukuza na kubeba imebaki, ile ya kuua imepunguzwa. Hata hamu ya chakula ina mzizi katika urithi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulionyesha kuwa takriban robo ya mbwa wa Labrador wana upungufu katika jeni iitwayo POMC, unaoambatana na hamu kubwa ya chakula na uzito wa mwili. Mbwa wa namna hiyo huvutwa sana na tuzo ya chakula, lakini pia hunenepa upesi.

6. Mfano wa nyumbani

Kanuni hizi zinatumika Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya hujifunza kwanza kwamba mlio mfupi wa "tik" hufuatwa na chakula. Kisha mlio huo hutumiwa kumjulisha kuwa amefanya vema. Panya Magawa, mzaliwa wa Tanzania aliyefanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, akafa mwaka 2022. Hakupigwa ili anuse. Kila alipopatia, aliambiwa papo hapo kwamba amepatia.

7. Jaribio la darasani

Mwanafunzi mmoja atoke nje. Darasa lichague kitendo, kwa mfano kugusa pembe ya ubao. Akirudi, kila anapokaribia kitendo hicho darasa lipige kofi moja, pasipo kusema neno. Andikeni muda uliotumika kwa sekunde. Rudieni kwa wanafunzi watano, kila mmoja na kitendo kipya chenye ugumu ule ule. Kisha chukueni wengine watano, lakini safari hii kofi licheleweshwe kwa sekunde tano. Linganisheni wastani wa makundi hayo mawili.

Maswali

(a) Katika jaribio hili, ni kigezo kipi kinachobadilishwa na kipi kinachopimwa?
(b) Kwa nini haifai kumtumia mwanafunzi yule yule katika sehemu zote mbili?
(c) Mwalimu humchapa mwanafunzi aliyejibu vibaya mbele ya wenzake. Kwa kutumia kanuni za Pavlov na Thorndike, eleza ni kitendo gani kitakachopungua: kukosea, au kunyosha mkono?