SOMO: KUUPIMA MCHANGA UNAOHAMISHWA NA UPEPO

Ndugu Makatibu, wanachama wanaolima kando ya matuta ya mchanga huomba chama kiwajengee ukuta. Kabla ya mkutano mkuu kuidhinisha fedha, halmashauri haina budi kujua tuta linaelekea wapi, na kwa mwendo gani.

Huko Ngorongoro, karibu na Bonde la Olduvai, lipo tuta la majivu meusi yaliyotoka katika mlima Oldoinyo Lengai. Umbo lake ni la mwezi mwandamo, kimo chake mita 9 hivi, na pembe zake mbili huelekea kule upepo uendako. Huhamia magharibi kiasi cha mita 17 kwa mwaka. Alama zenye mwaka zimesimikwa mahali lilipopita, hata asiyejua hesabu hujionea.

Mwingereza Ralph Bagnold, askari mhandisi aliyeyazunguka majangwa ya Misri na Libya, alitoa kitabu cha elimu hii mwaka 1941. Alionyesha kuwa punje za mchanga hazisafiri kama vumbi. Nyingi huruka, huanguka, na kuzirusha nyingine. Zilizo kubwa hutambaa kwa kusukumwa. Basi mchanga ulio mwingi hupita chini ya goti, na mwenye kulitazama vumbi la juu hautazami mzigo wenyewe. Tena, upepo mkali ukizidi maradufu, mchanga unaochukuliwa huzidi mara nane hivi. Kwa sababu hiyo siku chache za dhoruba huweza kushinda wiki nyingi za upepo wa kawaida, na kipimo cha wiki moja hakifai kuletwa mkutanoni.

Simikeni vigingi vyenye namba mbele ya tuta, kwa mstari unaofuata upepo. Kila mwezi, tarehe ile ile, pimeni kwa kamba umbali kutoka kigingi hadi chini ya mteremko mkali, kisha andikeni daftarini. Katibu awezaye kufunga hesabu za mwezi ataiweza kazi hii. Baada ya mwaka, gawanyeni umbali uliobaki hadi shambani kwa mwendo wa mwaka: mita 170 kwa mita 17 ni miaka 10. Kila tuta lipimwe peke yake, maana dogo hukimbia kuliko kubwa.

Ama kuhusu ukuta, uzio wa fito wenye nafasi karibu nusu ya eneo lake hutuliza upepo na kuukusanya mchanga vizuri zaidi kuliko ukuta mzima, tena kwa gharama ndogo. Ukifukiwa, mwingine husimikwa juu yake.