Tangazo la kweli linauza?

SWALI: Nauza asali ya Tabora. Wenzangu wanatangaza kwamba yao inatibu kila ugonjwa. Chema chajiuza, lakini nikisema ukweli mtupu si nitadodewa?

JIBU: Hutadodewa, mradi ukweli wako uwe na undani. Mwaka 1958 mwandishi wa matangazo David Ogilvy alipotangaza gari la Rolls-Royce, hakuishia kulisifu tu. Alisema kwamba likienda maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote inayosikika ndani ni ya saa yake ya umeme. Jambo hilo moja lilimwonyesha msomaji utulivu wa gari.

Nawe andika kwenye lebo asali imetoka wapi, imevunwa mwezi gani na imechujwaje. Eleza pia kwamba kuganda ni kawaida ya asali, si dalili ya kuchakachuliwa. Mteja akiikuta imeganda kabatini hatakushuku. Ongeza onyo: asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1, kwani inaweza kumdhuru. Onyo hilo halifukuzi wateja. Linawafanya wayaamini na maelezo yako mengine. Madai ya tiba waachie wenzako. Mgonjwa asiyepona harudi dukani, na majirani zake watasikia.